Tondoo Kwenye Wimbo wa Mvua

Nilinawa mikono langoni kama wengine wote waliotoka makaburini, nikachagua kiti cha mwisho kabisa cha hema, mahali ambapo ningeona watu bila wao kuniona sana. Ndivyo nilivyo, hata msibani nakaa chonjo. Kabla sijafungua soda niliyopewa, sauti yangu ilianza kuimba kutoka kwenye spika iliyowekwa karibu na picha ya marehemu. Ilikuwa sauti yangu ya ujana, nyembamba, isiyo na haya, na kabla ya kila mstari kulikuwa na mlio mdogo, tik, kama wa kucha inayogonga glasi. Mama aliyekaa mbele yangu alijifuta macho kwa pembe ya kitenge. “Mana yanjye, Mungu wangu, sikieni Konsolata,” aliwaambia wenzake. “Sauti yake iko vilevile.” Wakatikisa vichwa, na mmoja akaanza kulia upya. Konsolata tulikuwa tumemzika mchana ule, Mungu amrehemu, lakini iliyokuwa ikiimba haikuwa sauti yake. Katika hema lile tuliolijua jambo hilo tulikuwa wawili tu, mimi na Gasana, ambaye ndiye aliyeileta ile spika.

Watu wengi wakinijua leo wananijua kama Zaituni fundi nguo, yule wa miwani, asiyekukabidhi gauni lako mpaka umelijaribu mbele yake. Hawajui kwamba niliwahi kuingia studio. Mwaka wenyewe ulikuwa mmoja tu. Nilikuwa najifunza kushona kwenye baraza ya Mama Hadija, Nyamirambo, na chumba cha jirani kilikuwa kitupu mpaka Gasana alipokuja kukipanga. Alikuwa amekulia Kampala, akarudi na kompyuta aliyoifunga kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwazungukia wauza chapati wote wa mtaa akikusanya trei tupu za mayai. Mama Hadija aliamini kwamba jirani mpya anafuga kuku. “Mtaona,” alituambia, “wiki ijayo harufu, wiki inayofuata viroboto.” Trei zote zikaishia ukutani, mlango ukavishwa godoro, na badala ya kuku akaja Safari, fundi mitambo kutoka Bukavu, aliyepiga pasi mpaka soksi. Gasana alisema hiyo ni lebo, kampuni ya kutoa nyimbo. Kwa macho yetu lebo ilikuwa chumba kimoja chenye giza, kompyuta moja, maikrofoni moja na mhuri wa mpira ambao Gasana aliutia mfukoni kila alipotoka kwenda chooni.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa vyerehani. Vyetu vilikuwa vya miguu, vizito, na tukivikanyaga wote kwa pamoja baraza nzima ilikuwa inatetemeka. Siku ya pili Safari alitoka, nyaya zinamning'inia shingoni. “Bamama,” alisema kwa unyenyekevu, “ile mashini yenu inaingiaka mu muziki. Mutusaidie kidogo.” Mama Hadija akamjibu kwamba muziki wake ndio unaoingia kwenye mashine zetu. Baada ya mabishano na birika la chai ya maziwa, ambalo Gasana alilazimika kulileta kila asubuhi tangu siku ile, wakapatana hivi: Safari akitundika kitambaa chekundu kwenye msumari wa mlango, sisi tunainua miguu. Kikishuka, tunakanyaga. Ndivyo tulivyoishi karibu mwaka mzima, mafundi nguo tukikaa kimya na sindano mikononi huku mtu mwingine akiimba nyuma ya ukuta. Katika moja ya vimya hivyo nilianza kumfuatisha yule anayeimba ndani, polepole, bila kujua kwamba nafanya hivyo, na godoro likafunguka. “Nani iko naimba huku inje?” Safari aliuliza. Wenzangu wote wakaninyooshea kidole, kwa haraka ambayo mpaka leo sijaisahau.

Ndani nilimkuta Konsolata. Alikuwa mrefu, mtulivu, anatoka kwaya moja ya Remera, naye pia alikulia Uganda kama Gasana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota barabarani, kimechanganyika na Kinyarwanda na Kiingereza. Mimi nilikuwa msichana wa Nyamirambo anayeongea mpaka vyombo vinahama. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, ile ambayo wanakwaya huita ya pili. Maikrofoni ilikuwa moja, kwa hiyo tuliimba mashavu yakikaribia kugusana, na hedifoni ilikuwa moja, kwa hiyo kila mmoja alishika upande wake. Nilimpenda haraka. Aliniletea parachichi kutoka kwao, mimi nikamshonea blauzi kwa vitambaa vilivyobaki. Ndiye aliyenifundisha kupumua. “Zaituni weye,” aliniambia, “unaimba kama mtu anakimbia polisi. Simama. Pumua. Wimbo haiko inakwenda popote.”

Lakini upendo haukuwa na nafasi ya kukua katika chumba kile, maana Gasana alikuwa anamshuku kila mtu. Siwezi kusema hakuwa na sababu. Siku zile ulikuwa unaweza kurekodi wimbo wako, na kabla hujapata hata karatasi ya jalada unausikia stendi ya mabasi, mtu anaiuza kaseti yake na jina si lako. Kwa hiyo kila jioni Gasana alifungua kompyuta, akachomoa kile kisanduku cha ndani kinachohifadhi nyimbo, akakiviringisha kwenye taulo na kwenda nacho nyumbani kwapani. Chakula cha mchana alikileta mwenyewe, ili mwuza chakula asiingie akasikia. Alifunga godoro, tukala mle mle gizani, ugali na sombe, yale majani ya muhogo, na vipande vya samaki, mitambo ikinuka mawese, na mtu akitaka kwenda nje kunawa Gasana alimwangalia mpaka anaona aibu kunyanyuka. Kisha alikuwa na tabia ya kumchukua mmoja mmoja pembeni. Kwangu aliuliza kama Konsolata anaimba nyimbo zetu kule Remera, ambako kulikuwa na studio nyingine. Kwa Konsolata aliuliza mafundi nguo wanaongea nini barazani. Kwa Safari aliuliza ana ndugu wangapi Goma na wanafanya kazi gani. Hakuna aliyeiba kitu, nina hakika hiyo leo kama nilivyokuwa nayo wakati ule, lakini baada ya miezi michache tulikuwa tukiangaliana kwa pembe ya jicho. Nilianza kujiuliza kwa nini Konsolata hanywi chai yetu. Yeye, nadhani, alianza kujiuliza kwa nini mimi nafika mapema kuliko wote.

Wimbo wenyewe tuliuita wa mvua. Ulihusu mtu aliyejikinga kwenye baraza ya watu, anasubiri mvua ipite, na anaanza kutamani isipite. Siku ya kuurekodi kitambaa chekundu kilitundikwa wakati napindia suruali, nikaitwa kwa haraka, nikakimbilia kwenye maikrofoni, kando ya Konsolata, na tondoo bado iko kidoleni. Kwa asiyeshona, tondoo ni kile kikofia kidogo cha chuma tunachovaa ili sindano isitutoboe. Nilishika hedifoni sikioni kwa mkono ule ule, na kila nilipovuta pumzi kidole kilijigonga chenyewe kwenye plastiki. Hakuna aliyegundua mpaka Safari alipousikiliza wimbo peke yake. “Nini hii, tik, tik?” aliniuliza. Nikamwonyesha kidole. Alijaribu kuutoa mlio ule, ukakataa, maana ulikuwa umeshikana na pumzi zangu, na kila tulipoimba upya bila tondoo Gasana alisema moto umepotea. Mwishowe Safari akachoka. “Ibakie,” alisema. “Watu batafikiri njo ngoma mupya.” Alikuwa sahihi kuliko alivyotaka. Wimbo ulipotoka, studio nyingine zilianza kuweka tik kwenye nyimbo zao, wengine kwa vijiko, wengine kwa vizibo vya chupa, na mpaka leo nikisikia ule mlio redioni kwenye wimbo wa mtu nisiyemjua nacheka peke yangu. Ni tondoo ya Mama Hadija, niliyoiazima bila ruhusa.

Kabla wimbo haujatoka nilisikia mazungumzo ambayo nimeyabeba mpaka msibani. Nilikuwa barazani, nimekaa nimeegemea ukuta wa studio, kitambaa chekundu kimetundikwa, na vyerehani vyote vimenyamaza. Sikusikia muziki. Nilisikia Gasana. “Sikiriza, sha,” alikuwa anasema. “Sauti iko ya ule, lakini sura iko ya huyu. Na watu wananunua sura. Tutafanya vipi?” Konsolata akajibu. Sauti yake ilipita ukutani kama ngurumo ya mbali, nzito, bila maneno, trei za mayai zikayameza yote. Alisema kitu kirefu. Kisha Gasana akasema, “Voilà,” na kitambaa kikashushwa, Mama Hadija akakanyaga chake, na sikusikia tena. Nilimuuliza Konsolata siku ile ile walikuwa wanaongea nini. Akaniambia, “Mambo ya Bosi tu, unamjua.” Machale yalinicheza. Nilimwangalia anavyofunga kamba za viatu, polepole mno, nikasema moyoni, huyu ameniuza.

Nilipata jibu Remera, kwenye ukumbi mmoja karibu na uwanja wa mpira, mchana wa Jumapili. Safari ndiye aliyeniambia kuna tamasha, akasema hakuna kiingilio kwa watu wa studio, kisha akaondoka kabla sijamuuliza zaidi. Ukumbi ulijaa. Wakatangaza jina la Konsolata, peke yake, naye akatoka na ile blauzi niliyomshonea. Mitambo ikawashwa na sauti yangu ikatoka. Siku zile karibu kila mtu aliimba plebeki, sidii inaimba na wewe unafungua mdomo, hakuna aliyeona ajabu. Ila mimi nilikuwa namwona mtu anakula chakula kilichomo tumboni mwangu. Alikuwa ameweka mkono sikioni, kama tulivyofanya studio, na kila tik ilipolia kidole chake kiligonga. Hakukosea hata mara moja. Watu walisimama, wakapunga mikono, msichana mmoja kando yangu akasema huyu sauti yake inaumiza. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha duka la viatu.

Kesho yake nilikwenda studio bila kusubiri kuitwa. Gasana hakushtuka. “Nilikuhifadhi, Zaituni,” alisema kwa sauti ya upole. “Nyumbani kwenu wangekubali picha yako kwenye kila ukuta wa mji? Nimefikiria heshima yako.” Hakuwa ameniuliza. Huenda nyumbani wangekataa, huenda wasingekataa, hakuna atakayejua, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba aliwachukua watu wangu akawafanya kisingizio bila hata kuwabishia hodi. Konsolata alikuwa amekaa kando ya godoro la mlango, anaangalia mikono yake. Nilimsubiri aseme neno. Akainama kukaza kamba za viatu. Nikarudi barazani, nikaketi kwenye cherehani, na kitambaa chekundu kilipotundikwa nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Mama Hadija aliniangalia, kisha naye akakanyaga. Kabla mwaka haujaisha Gasana alihama.

Konsolata hakuwahi kutoa wimbo wa pili. Watu walisema ana maringo, wengine walisema amerogwa. Mimi nilisema anajua alichokifanya. Mara mojamoja alipita Nyamirambo, akanipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, nami nikampungia, na kila mmoja akaendelea na safari. Na popote uliposikika ule wimbo, harusini, kwenye teksi, kwa kinyozi, niliacha nilichokuwa nafanya mpaka nihakikishe tik yangu bado imo. Nilikuwa kama mtu anayepita kila siku kwenye nyumba aliyonyang'anywa kuangalia kama mlango haujapakwa rangi nyingine.

Pale hemani Gasana alinifuata na sahani ya wali na nyama, anatabasamu kwa meno mapya. Amezeeka vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akaniuliza habari za macho, habari za kazi, akanishika bega. Kisha likatoka lililomleta. “Nyimbo zetu za zamani tunaziweka mtandaoni, vijana wanazitaka sana. Kuna karatasi kidogo, kila aliyekuwa studio anaweka sahihi kwamba hana shida. Wewe huna shida, si ndiyo?” Nilimwambia ningependa kula kwanza. Akaenda kurudisha wimbo wa mvua mwanzo, kwa mara nyingine, na wale akina mama wakaanza tena kufuta macho. Ndipo msichana mmoja mwenye gauni jeusi akaja kuketi kando yangu. Alikuwa Keza, binti wa marehemu, mrefu kama mama yake, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

“Tanti Zaituni? Mama alisema zamani ulikuwa unaimba na yeye.” Nikamwambia ni kweli, nikampa pole. Akaangalia huku na huku, akasogea. “Nataka kukuuliza kitu, lakini usinidanganye. Ile sauti iko ya Mama kweli?”

Nilimtafuta Gasana kwa macho. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ndiye aliyemtuma, anipime kabla ya karatasi. Lakini alikuwa ameinama kwenye nyaya zake. “Kwa nini unauliza?” nikasema.

“Kwa sababu nyumbani hajawahi kuimba. Hajawahi, Tanti. Hata kanisani anashika kitabu, anafunga mdomo. Nikimwambia Mama imba, anasema sauti imechoka. Sasa amekwenda, na hii ndiyo kitu pekee imebaki na sauti yake. Naisikiliza tangu juzi. Na mimi simsikii ndani.”

Swali lile nililisubiri miaka ishirini na zaidi. Nilikuwa nimeliandalia jibu, nimelifanyia mazoezi nikipiga pasi, nikipanda ngazi, na katika mazoezi yangu yote aliyeuliza alikuwa mtangazaji wa redio, hakuwa mtoto aliyetoka kumzika mama yake. Neno lilikuwa mdomoni. Nikisema ni mimi, narudishiwa sauti yangu, na msichana huyu anakwenda nyumbani na nyumba iliyo kimya kabisa. Nikisema ni yeye, mimi mwenyewe nimejizika. Na asingeniamini, hilo nililiona. Alikuwa ananiangalia kama nilivyouangalia ule ukuta wa trei za mayai, anangoja maneno yapite. Nikafikiri kwamba Konsolata alifunga mdomo miaka yote ile, hata mbele ya Mungu wake, ili mtu asije akalinganisha.

“Una zile za masikioni?” nikamuuliza. Akatoa simu na waya wake. Upande mmoja nikampa yeye, mmoja nikauweka mimi, vichwa vyetu vikakaribiana. “Utafute wimbo. Sasa nisikilize. Ile sauti ya juu, ile inayolia, iko mimi.” Akashika waya kwa vidole viwili. “Hiyo tik ni tondoo niliyovaa kidoleni, ya kushonea. Nitakuonyesha siku nyingine. Hiyo ya juu iache, ipite zake. Kiitikio kikija, shuka chini. Shuka chini kabisa, chini ya ngoma.”

Kiitikio kikaja, nami nikashuka pamoja naye, na naapa ilikuwa mara yangu ya kwanza. Konsolata alikuwa amekaa pale chini muda wote. Sauti ile nzito, tulivu, ilikuwa imenibeba kama mtu anayebeba beseni la maji bila kumwaga. Pale nilipoanza kuchoka yeye aliingia kabla yangu kidogo, akaushika mwisho wa mstari mpaka nikaufikia. Pale nilipovuta pumzi, tik, yeye hakupumua, ili wimbo usikatike. Miaka yote nimeusikiliza wimbo huu kumkamata mwizi, na sikuwahi kusikia jinsi alivyokuwa ananisubiri.

Keza aliziba mdomo kwa kiganja. “Ni yeye,” alisema. “Ni yeye, Tanti. Ndivyo alikuwa anatuita kuja kula.”

Hakika sijui Konsolata alimjibu nini Gasana siku ile nyuma ya ukuta. Huenda aliniuza, huenda alinitetea akashindwa. Bado namshuku, siwezi kujibadilisha uzeeni. Lakini kivuli kiliangukia magoti yetu, na nilipoinua kichwa Gasana alikuwa amesimama pale na karatasi yake, shingo ameirefusha, akiwa na uso ule ule wa zamani wa mtu aliyetufungia gizani wakati wa kula. “Mnasikiliza nini nyinyi wawili?” aliuliza.

“Wimbo wetu,” nikamwambia. “Sahihi yangu utaipata ukishaandika majina mawili. La Konsolata na la kwangu. Na uandike nani anaimba juu na nani anaimba chini.”

Akacheka, akafungua mdomo kuanza yale maneno yake ya heshima na ya nyumbani kwetu. Nami nilikuwa tayari kumjibu, nimekwisha kuvua miwani. Lakini Keza alikuwa ameurudisha wimbo, kiitikio kinakaribia, na akanishika mkono bila kututazama, si mimi, si yeye.

“Tanti, nyamaza kidogo,” alisema. “Mama anaingia.”